Deni la Kuvuka

Ndugu msomaji, yako mahali ambapo mtu anaweza kupajua sana bila kufika, na kadiri anavyopajua ndivyo anavyozidi kujiona hana haja ya kwenda. Mimi nilivijua visiwa vya Ukerewe kwa namna hiyo kwa karibu miaka 30.

Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi hapa Bariadi. Kila mwaka, somo la jiografia lilipofika kwenye maziwa, nilichora ubaoni umbo la Ziwa Victoria na kuwaeleza watoto kwamba hilo ndilo ziwa kubwa kuliko yote katika Afrika, na la pili duniani miongoni mwa maziwa ya maji baridi. Kwamba eneo lake ni kama kilomita za mraba 68,800, na kwamba limegawanywa baina ya Tanzania, Uganda na Kenya. Nilitia nukta katika pembe ya kusini mashariki, nikasema: hapa ni Ukerewe, kisiwa kikubwa kuliko vyote ziwani. Niliwasimulia habari za Speke, Mwingereza aliyefika upande wa Mwanza mwaka 1858, na jinsi ambavyo, kabla jina la malkia wao halijazoeleka, wafanyabiashara Waarabu waliliita ziwa zima kwa jina la Ukerewe. Watoto walinakili. Hakutokea hata mmoja wa kuniuliza, “Mwalimu, wewe umefika?”

Angeniuliza ningeona haya, kwa maana dada yangu wa kuzaliwa tumbo moja alikuwa akiishi huko.

Dada aliolewa mwaka 1993. Mumewe ni Mkara, mtu wa Ukara, kisiwa kidogo kilicho kaskazini ya Ukerewe chenyewe. Alikuwa amekuja upande wa Lamadi kwa shughuli za uvuvi, wakafahamiana. Wazee wetu walisitasita kidogo. Msukuma wa Bariadi ni mtu wa mbuga, wa pamba na ng'ombe. Maji mengi kwake ni yale yanayojaza mto wakati wa masika na kumzuia kuvuka kwa siku mbili. Kumtoa binti akaishi katikati ya ziwa lilikuwa jambo geni. Lakini posa ililetwa kwa heshima, mahari ikatolewa, ng'ombe 12 walionunuliwa mnadani huku huku bara, na dada akaenda.

Sasa sikiliza jambo ambalo kila Msukuma atalielewa bila maelezo. Ng'ombe wale hawakukaa zizini kwa baba muda mrefu. Mwaka 1995 mimi nilitaka kuoa, na ng'ombe wa mahari ya dada ndio waliotoka kwenda kwa wakwe zangu. Ndivyo ilivyo desturi yetu: dada akitoka, kaka au mdogo wake huoa. Kwa hiyo nyumba yangu, na watoto wangu wanne waliozaliwa humo, imesimama juu ya safari ya dada yangu ng'ambo ya maji. Nilijua hivyo. Nilikusudia kwenda kumtembelea na kumshukuru mbele ya mumewe, kama inavyompasa mtu aliyelelewa vizuri. Nilisema nitakwenda mwaka 1996, shule zikifungwa katikati ya mwaka.

Tarehe 21 Mei 1996, meli ya MV Bukoba, iliyokuwa ikitoka Bukoba kuja Mwanza, ilipinduka na kuzama ikiwa imekaribia kufika. Waliokufa ni mamia kwa mamia. Nakumbuka tulivyokaa kuizunguka redio ya jirani, hakuna aliyesema neno, na nakumbuka baadaye habari za makaburi ya Igoma, pale Mwanza, ambako wengi walizikwa. Usiku ule nilimwambia mke wangu kwamba mimi, maadamu ninapumua, sitapanda chombo cha majini. Mke wangu aliitikia. Lilikuwa neno la busara. Hata leo sioni kwamba lilikuwa neno la kipumbavu kwa mtu kulisema usiku ule.

Lakini mwezi Julai mwaka huo huo, miezi miwili haijatimia vizuri, tulisikia hodi mlangoni. Ni dada. Alikuwa na mtoto mgongoni, mfuko wa machungwa ya Ukerewe mkononi, na gunia la dagaa lililoshushwa na utingo. Alikuwa amevuka kutoka Ukara kwa mtumbwi, akapanda meli Nansio hadi Mwanza, kisha basi la kupitia Magu na Lamadi hadi Bariadi, wakati huo barabara ikiwa bado ya vumbi. Nilimuuliza kama hakuogopa. Akacheka, akasema, “Sasa mdogo wangu, ningekuja na nini?”

Hivyo ndivyo tulivyoishi. Kila mwaka, baada ya mavuno, dada alikuja. Alikuja mama alipougua, alikuja tulipomzika baba, alikuja kumcheza mwanangu wa kwanza alipoolewa. Alikaa wiki moja au mbili, na siku ya kurudi tulimfungia gunia la michembe, yaani viazi vitamu vilivyokatwa na kuanikwa, kwa kuwa alisema hakuna kitu anachokikosa kule kama michembe ya kupikwa na karanga. Nilimsindikiza hadi stendi, nilimpungia mkono, nikarudi nyumbani nikiwa na amani. Kwangu mimi njia ya Ukerewe ilikuwa njia ya upande mmoja: watu hutoka huko, hawaendi.

Wala usidhani nilikuwa nimekaa bure. Nilisoma sana habari za huko. Nilimsoma Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Namagondo huko huko Ukerewe, aliyefariki mwaka 2020. Riwaya yake ya *Rosa Mistika*, iliyotoka mwaka 1971, niliijua vizuri sana. Nilimsoma pia Aniceti Kitereza. Mzee huyu alimaliza kuandika hadithi yake ndefu ya Myombekere na Bugonoka kwa lugha ya Kikerewe mwaka 1945, akaja kuitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na kitabu hakikuchapishwa hadi mwaka 1980. Mwaka uliofuata akafariki. Ni kitabu kinachoanza na mtu anayefunga safari kwenda ukweni kumfuata mkewe aliyechukuliwa na wazazi wake; njia nzima, maamkizi, chakula, pombe ya ndizi anayotakiwa kuilipa, vyote vimeelezwa hatua kwa hatua. Nilikisoma mara mbili. Nilikuwa natikisa kichwa kwa furaha, nikisema, naam, hivi ndivyo mtu anavyopaswa kwenda ukweni. Kisha nilikifunga nikakirudisha kabatini.

Kuna jambo jingine ambalo nililifundisha bila kulisikia. Mvua inayonyesha kwetu huingia katika vijito na mito midogo, navyo huingia Mto Simiyu, ambao mkoa wetu, ulipoanzishwa mwaka 2012, ulipewa jina lake. Mto Simiyu hupita upande wa Magu na kumwaga maji yake katika Ghuba ya Speke, nayo ghuba hiyo ndiyo inayogusa pwani ya Ukerewe upande wa kusini. Kwa hiyo maji ya Bariadi yalikuwa yakienda kwa shemeji kila masika. Mimi ndiye sikwenda.

Sasa nifike mwaka 2018. Alhamisi ya tarehe 20 Septemba ilikuwa siku ya gulio pale Bugorora, upande wa Ukerewe, na watu wengi wa Ukara walikuwa wamevuka kwenda kununua na kuuza. Mchana kivuko cha MV Nyerere kiliondoka Bugorora kurudi Bwisya, Ukara. Kilikuwa kimetengenezwa kubeba abiria 101. Siku ile kilikuwa na zaidi ya mara mbili ya hao, pamoja na mizigo, na kilipinduka kikiwa kimebakiza makumi ya meta tu kufika gatini, watu wa nchi kavu wakitazama. Walikufa zaidi ya watu 220. Waliookolewa walikuwa 41.

Dada alikuwa na kawaida ya kwenda gulioni kila Alhamisi.

Nilipiga simu yake tangu saa 11 jioni. Haikupatikana. Nilipiga ya shemeji, haikupatikana. Nilipiga usiku kucha. Ijumaa nilipiga hadi kidole kikaniuma, na kila mara sauti ile ile ya mashine ikanijibu. Mke wangu alisema, “Nenda.” Nikamwambia nangoja habari kwanza. Jumamosi asubuhi simu iliita, namba nisiyoijua, na sauti ilikuwa ya dada. Hakwenda gulioni siku ile kwa sababu mjukuu alichemka homa. Simu yake iliisha chaji, wala hakuikumbuka, kwa maana siku zote mbili alikuwa ufukweni Bwisya pamoja na wanawake wengine, wakiwapikia uji watu waliokuwa wakingoja miili itolewe. Katika mji wa jirani walikuwa wamekwisha kuzika watatu. Alinitajia majina yao. Nilikuwa siwajui. Aliniambia, “Ungewajua,” akanyamaza.

Nakiri kwamba hata msibani sikwenda. Nilituma rambirambi kwa simu.

Mwaka 2019 mavuno yalipita na dada hakuja. Nilidhani ana shughuli. Mwaka 2020 ulikuwa na mambo yake duniani kote, nikaona sababu ipo. Mwaka 2021 nilimpigia nikamwambia kwa utani kwamba michembe inaharibika, anakuja lini? Alikaa kimya kidogo, kisha akasema, “Mdogo wangu, siku hizi na mimi naogopa.”

Msomaji, neno hilo lilinipiga kuliko habari za redio za mwaka 1996. Kwa miaka 25 nilikuwa nimejihesabu kuwa mtu mwangalifu, na yeye kuwa mtu aliyezaliwa bila hofu, kana kwamba hofu ni kitu ambacho wengine wamepewa na wengine wamenyimwa. Kumbe alikuwa akiogopa siku zote kama mimi, ila alivuka nayo. Uangalifu wangu ulikuwa ukilipwa na yeye. Sasa alikuwa amechoka kulipa, na undugu wetu ulikuwa umesimama katikati ya maji, hauna wa kuupeleka wala wa kuuleta.

Niliondoka Bariadi mwezi Julai 2022, alfajiri, na gunia la michembe. Njia siku hizi ni nyepesi. Kutoka Bariadi hadi Lamadi ni lami, kilomita zisizotimia 80. Pale Lamadi unakutana na barabara kuu ya Mwanza na Musoma, na mwenye haraka asiache kutazama upande wa kushoto: ziwa liko pale pale, katika mkoa wetu wenyewe, kwa kuwa Wilaya ya Busega inafika majini. Ukielekea Bunda unapita lango la Ndabaka la Hifadhi ya Serengeti, ambapo upande mmoja wa barabara kuna nyumbu na pundamilia na upande mwingine, si mbali, wavuvi wanatengeneza nyavu. Nimesikia wageni wakilipa fedha nyingi kuja kuona upande mmoja tu. Bunda unaacha barabara kuu na kushika njia ya magharibi, inayokwenda Kibara na Kisorya, na Kisorya nchi inakwisha.

Pale gatini kuna kina mama wanaouza chakula chini ya mabati. Niliagiza chai na maandazi, sikuweza kuvila. Mama mwenye meza aliniangalia, akasema, “Baba, kula, kivuko hakiondoki mpaka kijae magari.” Akaniwekea sato wa kukaanga na kipande cha ugali wa muhogo, akasema nitalipa nikirudi. Nadhani alikuwa ameona nyuso nyingi kama yangu.

Niliingia. Yalikuwamo malori mawili, basi moja, pikipiki, wanafunzi, masista wawili, na matenga ya nyanya. Nilivaa jaketi okozi na kulifunga kamba zote, mtu mzima peke yangu niliyefanya hivyo katika upande ule, na mtoto mmoja akanicheka waziwazi. Nilishika nguzo kwa mikono miwili. Karibu nami aliketi bibi mmoja mwenye kuku watatu waliofungwa miguu kwa kamba. Kivuko kilipong'oa, bibi akaniambia kwa Kijita, kisha kwa Kiswahili alipoona sielewi, “Baba, nishikie hawa, nisinzie kidogo.” Akanipa kamba. Nilijikuta mikono yangu yote miwili ina kuku, sina cha kushika nguzo. Bibi alilala. Na mimi, kwa kuogopa kuku wa watu wasiniponyoke, nilisahau kutazama maji hadi tulipokuwa tumefika katikati ya mlango wa Rugezi. Yalikuwa mazuri. Nasema kweli, yalikuwa mazuri mno, na nyangenyange walikuwa wakitembea mbele yetu juu ya majani ya ufukweni kama watu wanaokwenda kanisani. Kabla ya nusu saa tulikuwa Rugezi, na bibi aliamka bila kuamshwa, akachukua kamba yake, akasema ahsante.

Nansio, mji mkuu wa wilaya, si mbali na hapo. Nilikula katika hoteli moja ndogo karibu na soko, na safari hii chakula kilishuka: samaki wa kuchemsha kwa nyanya na ndimu, ugali wa muhogo mweupe unaovutika kidogo, na chungwa baada ya chakula. Mtu wa Bariadi anayejua samaki aliyefika kwa barafu akila aliyevuliwa asubuhi atanyamaza hadi amalize. Nilimwomba kijana wa bodaboda anizungushe kidogo kabla ya kuelekea Bugorora. Tulipita Bukindo, penye jumba la watemi wa Wakerewe, alikokaa mtemi wao wa mwisho, Michael Lukumbuzya, ambaye baada ya uhuru alikuja kuitumikia nchi kama balozi. Nilimuuliza kijana Namagondo iko upande gani. Akanyoosha kidevu, akasema, “Kule. Una ndugu?” Nikasema ndiyo, maana sikujua nitamwelezaje.

Kutoka Bugorora kwenda Ukara sasa kuna kivuko kingine, kikubwa kuliko kile kilichozama. Nilipanda. Hakuna aliyeutaja mwaka 2018, lakini tulipokaribia Bwisya mazungumzo yalipungua, na baba mmoja aliyekuwa akicheka alivua kofia, akaishika mkononi hadi tulipogusa gati. Niliivua yangu pia.

Dada alikuwa amesimama pale. Alikuwa amenenepa kidogo na nywele zimekuwa nyeupe. Aliniangalia kutoka kichwani hadi miguuni, akalitazama jaketi nililosahau kulivua, kisha akaniamkia kwa Kisukuma, “Mwadila.” Nikaitikia. Ndipo akalia.

Nilikaa kwake siku tano. Ukara ni kisiwa kidogo chenye watu wengi, na kila kipande cha ardhi kina jina na mwenyewe. Hata mti mmoja una mwenyewe. Nilizoea ng'ombe wanaokwenda malishoni hadi jicho lisiwaone. Kule niliwaona wakikaa ndani ya mji, katika zizi lililochimbwa likashuka kama shimo, wakiletewa majani kwa kichwa kutoka ufukweni, na mbolea yao ikizolewa yote na kupelekwa shambani hata isipotee chembe. Wataalamu wa kilimo wamekuwa wakiwasifu Wakara kwa jambo hili tangu zamani. Dada, binti wa mbuga, alikuwa akikata majani kwa ustadi ambao sikuwahi kuuona kwetu. Nilitambua kwamba nilikuwa namfahamu mwanamke anayeshuka basi Bariadi mara moja kwa mwaka. Huyu mwenye mundu sikuwa nimewahi kumwona.

Siku ya tatu alinipeleka Nyaburebeka kuliona jiwe linalocheza. Ni jiwe kubwa lililokaa juu ya mwamba karibu na maji, na wenyeji wana masimulizi yake na heshima zake. Wageni hutoka mbali kuja kuliona likitikisika. Sitalieleza sana, maana mtu anayetaka kuliona na avuke mwenyewe. Nitasema tu kwamba lilitikisika, kidogo, na mimi mwalimu wa jiografia nikaruka nyuma kama mtoto. Dada alicheka hadi akashika mbavu. Kisha akasema, “Hili nililiweka nikuonyeshe tangu mwaka 1994. Nilimwambia shemeji yako, mdogo wangu akija nitampeleka kwanza kwenye jiwe.” Hapo sikuwa na la kusema.

Usiku wa mwisho alipika michembe kwa karanga, na dagaa pembeni. Shemeji alikuwa amekaa upande wangu. Nilisimama, nikasema yale niliyopaswa kuyasema mwaka 1996: kwamba ng'ombe wao ndio waliojenga nyumba yangu, kwamba nawashukuru, kwamba nimechelewa. Shemeji, mtu mpole, aliniambia mambo hayo hayana kuchelewa. Dada hakukubali. Alisema, “Yana kuchelewa. Mama yangu mkwe alikuwa akiniuliza kila mwaka, hivi kwenu huna mtu? Amekufa anajua sina.” Akaninawisha mikono, akaendelea, “Mimi nimevuka mara 25. Wewe hii ndiyo ya kwanza. Zimebaki 24.” Alisema huku akitabasamu, lakini hakuwa anatania.

Wahenga walinena kwamba undugu ni kufaana, si kufanana. Siku hizi nchi yetu inajitahidi kuyapunguza maji: mwezi Juni 2025 lilifunguliwa daraja la Kigongo na Busisi, la kama kilomita tatu, na watu waliokuwa wakingoja vivuko kwa saa nzima sasa wanapita kwa dakika chache. Namshukuru Mungu kwa hilo. Huenda siku moja na Ukerewe ikafikiwa kwa tairi. Lakini najijua. Kama kungekuwako na daraja mwaka 1996 ningepata sababu nyingine, kwa maana ilikuwa starehe kwangu kuwa yule anayetembelewa. Atembelewaye hutoa michembe. Atembeleaye hutoa siku zake na roho yake.

Msomaji unayependa kwenda kuona visiwa, nenda. Kula sato Nansio, kaone jumba la Bukindo, kaguse mwamba wa Nyaburebeka. Vaa jaketi okozi wala usione aibu, na kama chombo kimejaa kupita kiasi, shuka ungoje kingine. Hofu ya maji si dhambi. Ila kama kuna mtu wako ng'ambo, usimwachie yeye peke yake kuibeba.

Mwaka 2023 dada alikuja Bariadi tena. Nilikwenda kumchukua Kisorya mwenyewe, tukapanda basi pamoja, na yule mama wa maandazi akanikumbusha deni la sato, nikalilipa. Mimi nimekwisha kuvuka mara nne. Nina miaka 60 na kitu, kwa hiyo hesabu ya dada haitalipika, na yeye anajua. Mwaka huu, nikijaliwa, baada ya mavuno, nitakwenda ya tano. Michembe iko juani.